Chungu cha Ghorofa na Maganda ya Kuazima

Mpendwa mshauri,

Kasinge waitu. Naomba unisaidie, na ukinicheka unicheke kidogo tu, maana hata mimi nikiwa peke yangu mtoni hucheka mpaka ndoo inamwagika, halafu nakumbuka kwamba Krismasi inakuja na kicheko kinakatika hapo hapo.

Mimi ni mama mwenye nyumba huku Buganguzi, Muleba, nilisoma nikaishia darasa la saba, nimeolewa na mwanamume mpole, na nina watoto watano, wawili wa kuzaa, mdogo bado ananyonya, na watatu wa wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye tulimzika mwaka jana baada ya kumzika mume wake, kwa ugonjwa huu ambao huku kwetu kila mtu anaujua na hakuna anayeutaja mbele ya wafiwa. Wifi siku zake za mwisho alinishika mkono, mkono wake ulikuwa mwepesi kama jani kavu, akaniambia, "Wanangu usiwatenganishe. Hata mkila majani, wale pamoja." Nikamwitikia, na sikumwitikia kwa sababu anakufa, nilimwitikia kwa sababu nawapenda. Mkubwa ni Kokuhirwa, yuko darasa la sita na akili anazo, anafuata mdogo wake wa kiume, na wa mwisho ni Rozi, ameanza darasa la kwanza, huyu hasinzii mpaka ashike gauni la dada yake, na mdomo wake, mshauri, haujui kufunga mlango.

Sasa shida yangu ni chakula, na usidhani tunalala njaa, hatulali njaa hata siku moja, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Kibanja chetu zamani kililisha nyumba na wageni wake na mbwa wa wageni, lakini siku hizi migomba imeingiliwa na wadudu, unaona mgomba umesimama asubuhi, jioni umelala na mkungu mchanga tumboni, na mikungu inayosalimika nayo haikai, maana kuna misiba, na huwezi kwenda msibani mikono mitupu ukamtazama mfiwa, lazima ubebe mkungu, na misiba yenyewe sasa inafuatana, hujarudisha jembe unasikia kilio upande wa pili. Inayobaki baba watoto anaifunga kwenye baiskeli anaishusha ziwani, huko watu wa visiwani wanainunua, na pesa hizo ndizo sare, madaftari, chumvi na dawa za homa, maana malipo ya kahawa yakija yanakuta mahitaji yamekwisha panga foleni.

Kwa hiyo nilianza kubana matumizi, na nakuambia ukweli nilianza kuipenda kazi hiyo. Mche wa sabuni naukata kwa uzi vipande vidogo, kila kipande na wiki yake. Kola za mashati zikichakaa nazigeuza ndani nje, baba watoto anaonekana bwana mpya. Kitenge cha marehemu wifi kimetoa magauni mawili ya wasichana na kipande nambebea mtoto mgongoni, na wasichana wakikaa pamoja kanisani naona kitenge kimerudi kuwa kimoja. Chai tunaitia mchaichai badala ya sukari, tumeshazoea, ukitupa ya sukari tutaumwa meno. Watoto wakimaliza kusoma kibatari kinazimwa, wanasimuliana hadithi gizani, na hadithi za gizani ndizo tamu.

Lakini aliyenifungua macho ni Minza, mama mmoja Msukuma anayeleta dagaa kutoka visiwani, tumekuwa marafiki kwa ajili ya kuuziana. Siku moja nilikuwa nalalamika mbele yake, akaweka ungo chini akashika kiuno.

"Dada, mna ardhi, mna mvua, halafu mnasema mna njaa. Njaa ya nini?"

"Ndizi hazitoshi, Minza."

"Basi hiyo si njaa, hiyo ni hamu!"

Safari iliyofuata aliniletea mzigo wa vijiti vya muhogo mtamu, nikaenda kuvipanda kwenye musiri wangu, kishamba cha mwanamke, kule rweya, kwenye majani matupu ambako wanaume hawapigi hodi, na muhogo ukakubali, mshauri, ukakubali kama uliokuwa unaningoja. Tangu hapo watoto wanakula muhogo na maharage, au ugali wake na dagaa, wanashiba, Rozi amenenepa mashavu, na ndizi zinakwenda ziwani kulipia shule.

Ila wewe mwenyewe unatujua Wahaya. Mtu wa kwetu anaweza kula muhogo akashiba, akalala, akaamka, ukimuuliza anakuambia jana hakula. Chakula ni ndizi, vingine ni vitu vya kutafuna. Niliona aibu. Basi nikabuni chungu changu, nacho jirani yangu Georgina alipokiona alikiita chungu cha ghorofa. Chini napanga muhogo na maharage, juu yake nafunika jani la mgomba, juu ya jani naweka ndizi chache zilizomenywa vizuri, halafu nafunika majani mengine kama kawaida. Mgeni akija, namfunulia ghorofa ya juu. Baba watoto naye namwekea za juu, maana ni baba. Watoto wanajua kwao ni chini. Chungu kilifanya kazi hiyo mwaka mzima, wageni wakaondoka wakisema, "Nyumba hii bado inakula!"

Mwezi uliopita mama mkwe, Mama Kokushubila, akaja kutoka Rubya bila taarifa. Ni mama wa watu, mchapakazi, mwenye heshima zake, hata mwaka wa vita, Waganda wa Amin walipovuka na watu wakakimbia kutoka mpakani na kujaa kila uwanja, yeye alipika na kulisha nyumba nzima ya wakimbizi, na mpaka leo anasimulia kwamba hakuna aliyetoka kwake hajala ndizi. Nikamkaribisha, nikampa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu chake kidogo, nikaingia jikoni nikapanga ghorofa zangu. Chakula kilipoiva nikataka kumwandalia kwenye mkeka, peke yake na mwanawe, kama mgeni. Akakataa.

"Leo nakula na wajukuu. Kilete chungu hapa hapa, nitawagawia mwenyewe."

Mshauri, nikajaribu kujiokoa. Nikasema, "Mama, chungu kina masizi, utachafuka."

"Masizi nimeyajua kabla yako. Kilete."

Nikakileta. Akafunua majani, akaona ndizi, akafurahi, akasema Mungu awabariki wanangu, akachukua ya kwanza akamnyooshea Rozi. Na Rozi, kwa adabu zote, mikono miwili, akamwambia, "Bibi, hizo za juu ni za wageni. Wewe si mgeni. Chakula chetu kiko chini ya jani."

Nilimfinya pale pale, lakini maneno yalikwisha kutoka. Mama mkwe akainua jani kwa ncha ya kisu, akatazama, akaitafuna kahawa yake polepole, halafu akamgeukia mwanawe.

"Josia, umeoa au umefungwa? Maana chakula hiki ni cha jela."

Baba watoto, ambaye shavu moja lilikuwa limejaa ndizi, akasema, "Mama, mambo ya jikoni mimi siyajui."

Ndipo mama akatamka neno ambalo linaninyima usingizi. Alisema, "Wanangu hawa mama yao aliwaacha binadamu. Krismasi wakishafika wote nyumbani, ukoo utakaa. Mkubwa ataenda kwa baba yake mdogo Mwanza, mvulana atakwenda Bukoba, na huyu mdogo nitamchukua mimi. Sitakubali waambiwe wanafugwa." Akaondoka jioni ile ile, ghorofa ya juu hakuigusa.

Sasa sikia nilivyojiharibia zaidi. Niliogopa, nikasema wapita njia wakiona tunakula ndizi habari zitamfikia kule Rubya naye atatulia, na kwetu nyumba inayokula utaijua kwa maganda yaliyo uwanjani. Maganda sina. Nikaenda kwa Georgina, mume wake anakamua pombe ya ndizi mbivu, maganda yamejaa nyuma ya nyumba, nikayaazima ungo mzima, nikayachanganya na majivu kidogo, nikayamwaga mbele ya mlango wangu panapoonekana vizuri. Nikasema moyoni, nani atatazama rangi ya ganda?

Mhaya, mshauri. Mhaya atatazama rangi ya ganda.

Kesho yake akapita Mzee Karugendo, mzee wa kanisa letu la Kilutheri, mwenyewe ni baba mdogo wa mume wangu. Akasimama. Akainama. Akaokota ganda moja la njano, si la kijani kama la ndizi za kupika, akaligeuza huku na huku, akanitazama mimi, akalitazama ganda, akasema tu "Aa," akaenda zake. Jumapili nikasikia kwa wanakwaya kwamba mke wa Josia sasa anakamua pombe nyumbani mbele ya yatima. Kwa hiyo Krismasi kesi yangu ina vichwa viwili, muhogo na pombe, na pombe yenyewe sijawahi hata kuionja.

Georgina ananishauri nikope mikungu kwa wachuuzi, nipike ndizi tupu kuanzia sasa mpaka ukoo utawanyike, nichinje na mbuzi ninayemfuga kwa ajili ya shule ya Kokuhirwa, wakishiba watanyamaza. Lakini nikifanya hivyo, Januari Kokuhirwa hataingia darasa la saba, nitakuwa sina cha kumnunulia, na yeye ameshasikia, juzi aliniambia, "Mama, mimi niache shule, mradi Rozi asiende Rubya peke yake." Nilijifanya moshi umeniingia machoni.

Nimechoka, lakini si kuchoka kwa kushindwa. Nachoka mchana, asubuhi naamka nikiwa na mipango. Niambie, je, niutupe muhogo wangu nipike ndizi ili watoto wasigawanywe, au niushikilie ili wasome, nikijua huenda nikabaki nao wawili tu na chungu? Tafadhali jina langu lisitokee gazetini.

Ni mimi,
Mama wa Ghorofa, Muleba.


MAMA ADVENTINA ANAJIBU

Mwanangu wa Ghorofa, kasinge.

Uliomba nikucheke kidogo. Nimeshindwa. Nimeisoma barua yako hapa Bilele, Bukoba mjini, nikiwa nasubiri maharage yachemke, na nilipofika kwenye rangi ya ganda maharage yakaungua. Hivyo tunadaiana.

Jina lako sikulitoa. Lakini hebu tusidanganyane, katika Muleba nzima ni nyumba ngapi zenye chungu cha namna hiyo, mama mkwe wa Rubya na maganda ya njano mlangoni? Gazeti hili likifika dukani kwenu, mwenye duka atalisoma kwa sauti kama kawaida yao, na kabla ya jua kutua Mama Kokushubila atakuwa amesimuliwa. Kwa hiyo jambo la kwanza ni hili, nenda Rubya kabla ya gazeti. Kama umelipata leo, nenda kesho alfajiri. Habari za jikoni mwako azisikie kinywani mwako.

Sasa kaa chini nikuambie unaloenda kusema.

Kupanda muhogo ulifanya vizuri, na Minza mpelekee salamu zangu, neno lake la hamu na njaa nitalitumia mpaka nizeeke. Kukata sabuni, kugeuza kola, kuuza ndizi ili mtoto asome, hayo yote ni kazi ya mama mwenye akili na sina la kukufundisha. Ulipokosea ni pale kwenye jani. Umewafundisha watoto watano kwamba chakula kinachowasomesha ni kitu cha kufichwa wageni wakija. Mtoto anayekula kwa kujificha atajiona yatima hata akiwa ameshiba. Ungeuweka muhogo ule juu, ukauita chakula, kesi yote hii isingekuwepo.

Halafu kuna jambo nimelitafuta katika barua yako nikalikosa. Umenieleza anachokula mgeni, anachokula baba watoto, wanachokula watoto, hata mbwa wa wageni wa zamani nimemsikia. Wewe unakula nini? Unanyonyesha, unalima rweya, unachota maji, na sahani yako haimo humu. Nina hakika unakula ukoko uliobaki kwenye chungu huku umesimama. Acha. Anzia leo kukaa chini na kula pamoja nao, tena ule ushibe. Kubana matumizi kusikokuwa na sahani ya mama kutakuja kuwagharimu watoto hao mama wa pili, na wao wameshalipa vya kutosha.

Twende kwa mama mkwe. Umemwandika kama hakimu, mimi namwona kama mama aliyemzika binti yake mwaka jana. Hana cha kumfanyia tena binti huyo. Kilichobaki mikononi mwake ni kuhakikisha wajukuu wanakula kama watu wa kwao, na siku aliyokuja kufanya hivyo kwa mkono wake mwenyewe, akakuta umemwekea pazia. Hata mimi ningenuna. Wewe ulidhani unamheshimu kwa kumpa za juu. Yeye alijiona amefanywa mgeni kwenye nyumba ya mwanawe.

Kwa hiyo ukifika Rubya, piga magoti, msalimie, mwambie yote mpaka maganda, usijitetee. Akimaliza kukukaripia, na atakukaripia, pokea. Kisha muulize hivi: "Mama, mwaka wa vita uliwalisha vipi watu wote wale?" Mimi mwaka huo nilikuwa hapa mjini, tulilaza wakimbizi mpaka jikoni, na nakuapia hakuna kibanja katika mkoa huu kilichotosha kuwalisha ndizi tupu. Walikula ndizi, sawa, hilo ni kweli. Lakini ndizi hizo zilikuwa na wenzao ndani ya chungu. Viazi, magimbi, maboga, kuna aliyetia muhogo, kuna aliyetia mpaka mashina ya kitu asichokijua jina. Mama yako huyo ni fundi wa kupika kichache kikatosha wengi, na wewe unayo fani hiyo hiyo, halafu mnagombana! Muulize alichanganya nini. Usimuulize kwa kumtega, muulize kwa kutaka kujua, maana yapo atakayokufundisha. Ukiona anatafuna kahawa yake polepole bila kujibu, ngoja tu.

Akishajibu, mwombe aje akae kwako wiki moja kabla ya Krismasi, na kisu cha jikoni mpe yeye. Aingie kibanjani na mwanawe, auone mgomba ulioanguka, aamue mkungu upi wa kwenda ziwani na upi wa nyumbani. Kazi hiyo ukiifanya peke yako inaitwa ubahili. Akiifanya bibi inaitwa busara. Na siku ya Jumapili pikeni ndizi, za kweli, za watoto wote, bila jani katikati, ili wasisahau ladha ya kwao. Siku nyingine liwe tunda la musiri wako, mchana kweupe, mlango wazi.

Maganda ya Georgina yatandaze chini ya migomba yenu leo hii, huko ndiko mahali pa maganda, na migomba inayoliwa na wadudu inahitaji kulishwa kuliko macho ya wapita njia. Mzee Karugendo mwendee nyumbani, usimngojee kanisani. Mwambie, "Baba, maganda yalikuwa ya kuazima." Mzee wa kanisa anayejua pombe kwa kulitazama ganda tu hatakuwa na haraka ya kukuhukumu, naye akiulizwa sana alijuaje, ataona haya mwenyewe. Mwache acheke. Mtu aliyecheka na wewe hawezi tena kukushtaki kikaoni.

Ushauri wa Georgina wa kukopa mikungu, asante, lakini hapana. Utalisha ukoo siku mbili na kumtoa Kokuhirwa shuleni maisha yake yote. Mbuzi wake asiguswe. Na huyo binti mwambie leo, kwa maneno, kwamba haachi shule, asilale tena na mzigo huo.

Kuhusu misiba, hapo mwanangu siwezi kukukaripia, sote tumo. Lakini semeni na balozi wenu wa nyumba kumi. Mitaa mingine huku mjini tumeshaanza, nyumba mbili tatu zinachanga mkungu mmoja, mwingine analeta kuni, mwingine anachota maji, na mfiwa anakula na majirani hawafilisiki. Mfiwa anakuhitaji zaidi wewe kuliko mkungu wako. Mwenye kuona aibu kulianzisha aanzie kwa mwenye chungu cha ghorofa, yeye aibu zote ameshazimaliza.

Sasa wewe Josia, najua utasomewa hili dukani, usijifiche nyuma ya gunia la chumvi. Mambo ya jikoni huyajui, lakini shavu lako lilijaa ndizi za jikoni hiyo hiyo. Kuanzia leo na wewe shuka chini ya jani. Ule wanachokula watoto. Na siku ya kikao usimwachie mkeo aseme. Yatima hao ni wa dada yako, mama ni wako, ukoo ni wako, na mdomo unaoshindania bei na watu wa visiwani hauwezi kuwa bubu mbele ya baba zako wadogo. Simama useme maneno ambayo dada yako alimwambia mkeo, kama alivyoyasema, usiongeze hata moja: wasitenganishwe, hata wakila majani, wale pamoja. Halafu ukae.

Nakurudia wewe, Mama wa Ghorofa. Umeniuliza uchague muhogo au watoto. Usichague. Siku ya kikao pika chungu kimoja kikubwa, ndizi na muhogo na maharage vikiwa vimechanganyika, na dagaa wa Minza pembeni. Usiweke jani la kutenga. Usiandalie wageni huku na watoto kule. Wakishaketi wote, mwite Mama Kokushubila mwombe afunue yeye, mbele ya ukoo mzima, na agawe kwa mkono wake. Kama wiki moja atakuwa ameshika kisu cha nyumba hiyo, chungu hicho kitakuwa chake pia, na sijaona mama wa Kihaya anayekiaibisha chungu alichokipika mwenyewe.

Na umwombe kipande cha kwanza ampe Rozi. Umpoze pale ulipomfinya. Siku ile wote nyumbani mwako mlikuwa mnamwandalia bibi kama mgeni, mtoto huyo peke yake ndiye aliyemwambia kwamba si mgeni, akamkaribisha kwenye chakula chenu.